Kikopo Kisichoingiwa na Maji

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Yamkini aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuishi katika nchi ya majani chai. Kericho na Bomet ni nyanda za juu, nyingi zikiwa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha huko takriban kila mwezi wa mwaka. Asubuhi jua humetameta juu ya michai. Ifikapo alasiri wingu huteremka kutoka upande wa msitu wa Mau, na mara mvua, aghalabu mvua ya mawe, huanza kuyatwanga mabati ya nyumba. Viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda huota ukungu. Vitabu hujikunja. Chumvi huyeyuka ndani ya kibakuli. Katika nchi kama hiyo akiba huoza, tena upesi, asipopatikana mtu wa kuichagulia chombo.

Mwalimu mmoja kijana, anayefundisha Kiswahili na jiografia katika shule ya upili karibu na Silibwet, kaunti ya Bomet, alilifahamu jambo hilo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa mchezo. Njia ya pili ilikuwa nyanya yake.

Mchezo wenyewe ni mgeni nchini, lakini kanuni zake ni nyepesi. Mtu huficha kikopo mahali fulani, huandika vipimo vya latitudo na longitudo vya mahali hapo, kisha wengine hukisaka kwa kifaa kinachopokea ishara za satelaiti. Anayekiona huandika jina lake katika kijidaftari kilichomo, hukirudisha kilipokuwa, na kwenda zake. Ulizaliwa Marekani mwezi Mei mwaka 2000. Hadi wakati huo serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikizivuruga kwa makusudi ishara za satelaiti zilizotumiwa na raia, hivi kwamba kifaa kingeweza kumpoteza mtu kwa umbali wa mita 100 hivi. Uvurugaji huo ulipokomeshwa, siku chache tu baadaye mtu mmoja aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo ya plastiki katika jimbo la Oregon, akaweka ndani yake vitabu, kanda za video, kopo la maharagwe na vitu vingine, akawatangazia watu vipimo vya mahali ilipo. Haukupita muda ndoo ikapatikana.

Mwalimu aliuona mchezo huo kuwa somo tosha la ramani. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia mbele ya ubao wangeamka kama wangetumwa mabondeni na simu moja ya mkononi, watafute kitu halisi. Tatizo lilikuwa kikopo. Akiweke nini ili karatasi ikae kavu hadi masika yapite?

Alianza, kama ilivyo desturi ya walimu wa lugha, kwa msamiati. Aliandika ubaoni: kopo, mkebe, bweta, kasha, kibuyu, kijaluba. Wanafunzi walilijua kopo na mkebe. Kijaluba hawakuwa wamepata kukisikia, na wakafurahi walipoelezwa kuwa ni kile kikasha kidogo cha madini ambacho watu wa pwani huwekea viambato vya tambuu. Mmoja akauliza kama maji hupenya ndani yake. Mwalimu akaona kwamba swali hilo limemfaa kuliko orodha nzima.

Ndipo wakakusanya vyombo na kuvijaribu. Ndani ya kila kimoja walitia kipande cha karatasi ya shashi na kijiwe cha kukizamisha, wakakifunga, wakakilaza usiku kucha katika karai lililojaa maji. Kikopo cheusi cha filamu ya kamera, kilichookotwa katika studio ya picha iliyofungwa zamani, kiliamka na karatasi iliyorowa. Chupa ya vidonge, yenye kifuniko cha kuwazuia watoto, nayo ilirowa. Kifuniko hicho kiliundwa kumshinda mtoto, hakikuundwa kuyashinda maji. Mkebe wa bati wenye kifuniko cha kubanwa ulikuwa umejaa nusu. Vyombo viwili tu ndivyo vilivyofaulu. Kimoja kilikuwa kichupa kinene cha plastiki cha umbo la bomba, yaani chupa ya soda kabla haijapashwa moto na kupulizwa hewa ikatanuka, chenye nyuzi zilezile za kifuniko cha soda. Cha pili kilikuwa kibweta cha chakula chenye vishikizo vinne na mpira laini unaozunguka ukingo wa kifuniko. Hata hicho kilishindwa siku ya pili, punje moja ya mchanga ilipokwama chini ya mpira.

Mwalimu aliwaeleza kwa nini karai halikutosha kuwa mtihani. Mchana jua linapokichoma kikopo, hewa iliyomo hutanuka na sehemu yake hutoka nje. Mvua ya alasiri ikikiangukia ghafla, hewa iliyosalia hupoa na kunywea. Hapo kikopo huvuta pumzi, na iwapo kifuniko kina ufa hata wa unene wa unywele, kinachovutwa si hewa bali maji. Kwa hiyo walikianika kichupa juani, wakakitia ghafla katika maji baridi ya mto Nyangores, wakakirudisha juani, wakarudia hivyo wiki nzima. Karatasi ikabaki kavu. Wakaamua pia kutumia penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu wino huchuruzika na penseli haichuruziki. Hawakuizungushia karatasi mfuko wa nailoni kama wafanyavyo wasakaji wa nchi nyingine. Kenya iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na mwalimu hakutaka kuwafunza watoto kuitafutia sheria mwanya.

Majaribio hayo yalifanyikia nyumbani kwa nyanya yake, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na karai kubwa. Bi kizee alikaa barazani akitazama. Siku ya tatu akamuuliza mjukuu wake ni mali gani hiyo inayoandaliwa kaburi.

"Si mali, kogo," mwalimu akajibu. "Ni karatasi tupu. Watu wataandika majina yao."

"Karatasi tupu," nyanya akarudia. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu.

Msomaji afahamu kwamba katika jamii ya Wakipsigis elimu ya vyombo si ngeni. Sotet, kibuyu cha maziwa, husafishwa kwa mkaa wa mti wa senetwet na kufunikwa kwa kifuniko cha ngozi, na maziwa ya mursik hukaa ndani yake siku nyingi bila kuharibika. Bi kizee alikuwa fundi wa kazi hiyo. Wanawake wa jirani walimletea vibuyu vyao avikague kama daktari. Mwalimu alikuwa akistaajabu tangu utotoni kwamba mtu aliyejua kuyahifadhi maziwa kiasi hicho ndiye aliyeshindwa kuihifadhi karatasi moja.

Karatasi hiyo ilikuwa mkataba. Marehemu mume wake alikuwa amenunua ukanda wa nusu ekari ya michai kutoka kwa jirani, nao wakaandikiana kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la shule: kiasi cha fedha, mpaka unakopita, majina ya mashahidi, na chini yake alama za vidole gumba. Mume alipofariki, mjane aliutia mkataba ule katika mkebe wa kakao, akaubana kifuniko kwa kisigino cha mkono, akaufunga kwa kamba chini ya paa la ghala. Alidhani bati ni bati. Miaka ikapita. Muuzaji naye akafa, wanawe wakakua, na wakati wa kupima ardhi ulipowadia wakadai kwamba ukanda ule baba yao aliukodisha tu. Mjane akauteremsha mkebe mbele ya wazee wa kijiji. Kifuniko kilikuwa kimeliwa na kutu. Ndani mlikuwa na uji wa kijivu, na juu ya uji ule vijiuyoga viwili. Hapakuwa na jina wala gumba. Mashahidi wawili walikuwa wamekwisha kufa na wa tatu hakukumbuka, au alisema hakukumbuka. Wazee waliona aibu, wakaugawa ukanda katikati. Nusu ya michai aliyoipalilia kwa mikono yake ikaenda.

Hakupata kuyazungumza hayo kwa uchungu, ila siku ile ya karai alisema neno moja: "Mjukuu wangu, mimi sikupoteza karatasi. Nilipoteza kifuniko."

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kikasha kidogo cha chuma, kilichopauka, chenye pete ya kupitishia kamba. Kilikuwa cha baba yake mzazi. Mwalimu alikuwa amekisoma katika historia bila kudhani kimo nyumbani mwao. Kuanzia mwaka 1920 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba cheti cha usajili, kipande, chenye alama za vidole na maelezo ya kazi waliyoifanya, tajiri waliyemtumikia na kama amewaruhusu kuondoka. Cheti hicho kilitiwa katika kikasha cha chuma kikaning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyomfanya Harry Thuku kuwakusanya watu mjini Nairobi, na alipokamatwa mwezi Machi mwaka 1922 waliokuja kumdai walipigwa risasi. Miaka hiyohiyo ya 1920 makampuni makubwa ya chai yalikuwa yakianza kupanda Kericho, na yalihitaji mikono. Baba wa bi kizee alikwenda kuchuma akiwa kijana, kikasha kikimgonga kifuani kila alipoinama juu ya mchai.

Kanuni za kipande zilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1940, alikichoma cheti motoni. Kikasha hakukitupa. Alikiziba nyufa kwa nta ya nyuki, akatia ugoro wake, na ugoro haukupata kuloa hadi alipokufa. "Nta," bi kizee akasema. "Nilimwona akiipaka kila msimu. Sikukumbuka hadi mkebe ulipofunguliwa mbele ya watu."

Mwalimu akataka kukizamisha kikasha karaini, kuona kama bado kinazuia maji. Nyanya akamshika mkono. Alisema kimenyeshewa vya kutosha.

Usiku huo mwalimu hakulala mapema. Aliona kwamba alikuwa amewafunza wanafunzi nusu ya somo. Wamejua mpira, nyuzi na pumzi ya hewa. Hawakuuliza chombo kinahifadhi kwa niaba ya nani. Kikasha cha kipande kilikuwa kizuri, na kilihifadhi karatasi dhidi ya jasho na mvua, lakini kilimhifadhia tajiri na askari. Aliyekibeba ndiye aliyekuwa mali. Mkebe wa kakao ulikuwa wa mjane mwenyewe, na hakuna serikali iliyomletea cha chuma. Kipi basi kingekuwa cha haki? Kile ambacho mwenyewe amekichagua, akakijua kilivyo, na akakikagua kila msimu.

Ilisalia kuchagua mahali. Mashamba makubwa ya chai yana wenyewe na askari wao, na kitu kilichofichwa kichakani huzua hofu katika nchi ambayo haijaisahau tarehe 7 Agosti 1998, siku bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Mwalimu alimwarifu chifu na mwalimu mkuu, akachagua kichupa kinachoonyesha kilichomo, na akabandika maneno ya Kiswahili: huu ni mchezo wa wanafunzi, tafadhali usiuondoe. Pa kukiweka alimwomba nyanya. Bi kizee akawaongoza hadi kwenye mpaka mpya, ule uliougawa ukanda wake, ambapo pamesimama mti ambao Wakipsigis huuita tebeswet. Chini yake palikuwa na jiwe lenye uvungu. Hawakuchimba, walikilaza tu.

Kabla ya kukifunga, wanafunzi waliandika majina yao kwa penseli. Bi kizee, asiyejua kuandika, akaomba zamu yake. Alikuwa ametoa gumba mara nyingi maishani: siku za malipo, siku za kura, siku ya mkataba ule. Safari hii hakuna aliyemdai. Alilipaka gumba masizi ya sufuria, akaligandamiza kwenye karatasi kwa utaratibu, akalitazama. Kisha akachukua kipande cha nta, akakizungusha mdomoni mwa kichupa mwenyewe, juu ya nyuzi ambazo mjukuu wake alikuwa amezijaribu wiki nzima na kuthibitisha kwamba hazihitaji nta. Mwalimu hakumkataza.

Masika yalikuwa makali mwaka huo. Mvua ya mawe iliyapasua majani ya michai, na njia ya kwenda mtoni ikakatika. Mwezi Juni wanafunzi wa kidato cha kwanza, ambao hawakuwapo siku ya kukificha, walitumwa na vipimo vilivyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Walipotea mara mbili. Waliporudi walikuwa wamelowa hadi magotini, na aliyetangulia alikuwa amekibeba kijidaftari kifuani, chini ya sweta.

Kilikuwa kikavu. Majina yote yalisomeka, na gumba jeusi lilikuwa na mistari yake yote, duara ndani ya duara. Mtoto mmoja akauliza ni la nani. Bi kizee alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, kikapu cha majani mgongoni, akingoja kusikia kama litatambulikana.