Hata Aliyeonewa

Kwetu, watu wakisikia mjane ameokoka, husema vita ndiyo iliyompeleka kwa Mungu. Mimi nakataa. Vita haikunipeleka popote ila porini. Ilinitoa Kabambare, ikaniulia mume, ikaniachia njaa na chuki. Kama taabu peke yake ingekuwa na nguvu ya kumpa mtu moyo mpya, mkoa wetu mzima wa Maniema ungekuwa umekwisha kuzaliwa mara ya pili zamani. Niliteseka miaka mingi nikiwa mtu yule yule, na siku Bwana aliponigeuza, hali yangu ya nje ilikuwa mbaya kama jana yake.

Waasi wa RCD waliishika Kindu mwezi wa Oktoba 1998, kisha vita ikateremka kusini hadi kwetu. Mijini walikaa wao, porini wakakaa wanamgambo wa Mai-Mai, na raia tukawa katikati: mchana unatozwa na huyu, usiku unatozwa na yule. Mume wangu alikuwa mchuuzi wa baiskeli. Alisukuma mchele na mawese kutoka Kasongo, akarudi na chumvi, sabuni na samaki wakavu waliotoka upande wa Fizi. Walimkuta njiani, ng'ambo ya mto Luama. Wenzake walirudi mikono mitupu, wakakaa uani kwangu bila kusema neno, nami nikajua. Wenye bunduki sitawataja. Wengine wangali hai, na watoto wao wanakaa dawati moja na watoto wetu.

Nilikuwa na mimba kubwa. Tulihama kijiji usiku, tukajificha msituni, tukila mihogo mibichi na majani tusiyoyajua. Huko ndiko nilikojifungua, mvua ikinyesha, na mama mmoja wa Kizimba ambaye sikuwahi kumwona kabla ya siku ile ndiye aliyenizalisha na kumfunga mtoto kwa kipande cha kitenge chake. Mwanangu alilia, na sisi tukaogopa kilio chake kitasikika.

Jina nililompa lilikuwa jina la kisasi. Vijana wa kwetu walikuwa wakienda kwa Mai-Mai, wananyunyiziwa maji ya dawa ili risasi ziwapige bila kuingia mwilini. Jambo hilo halikuanza nao, wazee wetu waliwaona waasi wa Simba wa mwaka 1964 wakienda vitani na kelele za "Mai Mulele!" Nilimtazama mwanangu akinyonya, nikasema moyoni: wewe nawe utakua, utapewa maji hayo, utamlipia baba yako. Wala sikuona kosa lolote katika wazo hilo. Nilikuwa nimeonewa, na mwenye kuonewa anadai, hadaiwi.

Tulipofika Kasongo, aliyenipokea ni shangazi yangu, Mwislamu safi. Kasongo ni mji wa zamani wa Waislamu, tangu Hamed bin Muhammed, yule Tippu Tip, alipoufanya makao yake, na koo nyingi za huko zina watu wa msikitini na watu wa kanisani. Shangazi alinipa chumba, akanipa sombe na wali, akamwogesha mwanangu kama mjukuu wake wa damu. Sikusikia akiniuliza nasali wapi. Mimi nilikuwa Mkatoliki wa kubatizwa utotoni. Sala nilizijua zote, na nilizisali, kisha kabla ya kulala nikataja majina ya watu niliotaka Mungu awaue.

Mama mmoja wa sokoni alinialika kwenye kikundi chao cha maombi. Siku hiyo walikuwa wakisoma Yohana sura ya 3, habari za Nikodemo kumwendea Yesu usiku. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi, na siku zote nilidhani neno lile la kuzaliwa mara ya pili ni la wauaji na wezi. Yule mama akatuuliza: Nikodemo alikuwa ameua nani? Hakuua mtu. Alikuwa mzee wa baraza, mwalimu wa sheria, mtu wa kuheshimiwa, na bado Yesu alimwambia kwamba bila kuzaliwa kwa maji na kwa Roho hataingia katika ufalme wa Mungu. Hakupunguziwa.

Nilitoka pale nimekasirika. Nilisema: wamenitoa kwangu, wameniua mara moja, sasa nami niambiwe sifai? Hasira ile ilinikaa wiki nyingi. Nilitaka Mungu ayahesabu mateso yangu kuwa malipo, aniingize mlangoni kwa sababu nimelia sana. Lakini kila nilipotaja yale majina usiku, nilianza kujisikia. Nilisikia sauti yangu jinsi ilivyo. Haikuwa tofauti na sauti za waliomkuta mume wangu njiani. Tofauti ilikuwa bunduki tu, wao walikuwa nayo, mimi sina.

Usiku mmoja nilipiga magoti, nikaacha kutaja jina la mtu. Nikasema: Bwana, kusamehe siwezi, na sitaki. Kama kuna kuzaliwa, nizae wewe. Sikuanguka, sikuona nuru, sikunena kwa lugha. Nilikumbuka tu mwanangu kule msituni. Yeye hakujizaa. Hakusukuma, hakukata kitovu, hakujua hata kwamba kuna vita. Kazi yote ilifanywa na wengine, na damu haikuwa yake. Nililia mpaka shangazi akabisha hodi.

Kesho yake njaa ilikuwa pale pale, na deni la mawese niliyokuwa nikiuza sokoni pia. Chuki ilirudi mara nyingi, lakini ilinikuta na mwenyeji mwingine ndani. Miaka michache baadaye, serikali ya mpito ya mwaka 2003 ikiwa imekwisha kuundwa na njia zikianza kufunguka, mmoja wa watu niliokuwa nikiwataja usiku alisimama mbele ya meza yangu sokoni. Hakunijua. Mikono ilinitetemeka. Nilimjazia mawese chupa yake mpaka shingoni, bila kumpunja, nikapokea pesa yake, nikamrudishia chenji. Yule mwanamke aliyekuwa akiomba mtu huyo afe asingeweza kufanya hivyo.

Sasa naulizwa: na shangazi je? Yeye aliyekupa chumba, naye lazima azaliwe mara ya pili? Swali hili linaniuma, na silikwepi. Neno alilopewa Nikodemo sina ruhusa ya kulipunguza kwa sababu ya upendo wangu. Nilimwambia shangazi mwenyewe, kwa adabu, na akanijibu, "Mwanangu, nawe niombee, mimi nakuombea." Namwombea kila siku. Hukumu siyo yangu. Nakumbuka pia kwamba mmisionari Livingstone alipokwama Bambarre, hii Kabambare yetu, mwaka 1870, miguu imejaa vidonda, alikuwa akiishi kwa wema wa wafanyabiashara Waislamu, Mohamad Bogharib akiwa wa kwanza wao. Na katika miaka yake ya Manyema aliisoma Biblia nzima mara nne. Mkristo wa nchi hii anayemdharau Mwislamu amesahau ni nani aliyemlisha mgonjwa yule.

Mwanangu ni kijana mzima sasa. Anachimba dhahabu Salamabila, karibu na mgodi wa Namoya, mahali ambapo dhahabu imeleta watu wengi na bunduki nyingi. Nilitaka tumbadilishie jina, akakataa; anasema amelizoea, na maana yake ataibadilisha yeye. Mai-Mai wamekwisha kumwita kwenye yale maji yao, akakataa, namshukuru Mungu. Ila akinipigia simu husema, "Mama, wewe umeokoka, inatutosha wote." Namjibu kila mara kwamba haitoshi, kwamba mimi nilimzaa mara moja na ya pili si kazi yangu. Mara ya mwisho hakubisha. Aliniuliza ibada yetu inaanza saa ngapi akija Kasongo. Nikamwambia saa tatu, aje mapema apate nafasi.