Nilinunua GPU Nikasahau Kuuliza Itafanya Kazi Gani

Wengi mmeniuliza mbona siku hizi sisemi tena ni kadi gani ya grafiki "kali". Sababu ninayo, ila ina aibu kidogo.

Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa na mashine niliyoijenga mwenyewe polepole, kipande kwa kipande. Ryzen 5 3600, RAM ya 16GB, keisi ya mitumba yenye mkwaruzo mbele, na pawa saplai ya wati 450. Kwa kuwa ile prosesa haina grafiki zake, nilikuwa nimechomeka kadi kuukuu ya GT 710 ili tu skrini iwake. Kilichobaki ni kadi ya maana. Mathe alipopata zamu yake ya chama akanikopesha elfu ishirini. Akaniambia, "Hii si zawadi, na si pesa ya gemu. Ukianza kupata kazi utanirudishia."

"Sawa, Mum."

Wakati huo kadi za mitumba zilikuwa zimejaa. Septemba 2022 Ethereum iliacha mfumo wa kuchimba sarafu kwa GPU, na watu waliokuwa na marundo ya kadi wakazimwaga sokoni. Nikapata RX 580 ya 8GB huku tao kwa elfu kumi na tatu. Nilikuwa nimetazama video labda arobaini kuihusu, zote zikionyesha namba zilezile: gemu hii fremu 60, gemu ile fremu 75. 8GB kwa bei hiyo! Nilitoka dukani nikitembea haraka, naogopa jamaa asijebadilisha mawazo. Na sitadanganya, wiki mbili za kwanza nilicheza tu.

Kisha kazi ikaja. Mama mmoja anayeuza sofa kando ya Ngong Road alitaka tangazo la sekunde 20, sofa zake zikizunguka sebuleni kwa 3D. Alilipa nusu. Video iwe tayari Jumatatu, kabla ya ofa yake kuanza. Nikaunda kila kitu kwa Blender, nikafika pale pa kurenda, yaani mashine ichore kila fremu kwa kupiga hesabu ya mwanga. Nikaingia kwa setingi nichague kadi yangu mpya. Haipo. Blender inaniambia hakuna kadi inayofaa.

Kumbe tangu toleo la 3.0, lililotoka Desemba 2021, Blender iliacha OpenCL, njia ambayo kadi kama RX 580 zilikuwa zinatumia kurenda kwa Cycles. Njia mpya ya AMD inataka kadi za kizazi cha baadaye. RX 580 ni ya 2017. Habari hii ilikuwa wazi kwa yeyote mwenye dakika tano za kusoma. Mimi nilikuwa nahesabu fremu za gemu.

(Ndiyo, najua, kuna mtu ataandika hapa chini kwamba 2.93 bado ilikuwa inaikubali. Nilijaribu, buda. Nodi za jiometri zilikuwa zimebadilika, faili ikafunguka ikiwa imevurugika.)

Ikabidi prosesa ifanye kazi yote. Fremu moja dakika sita. Sekunde 20 kwa fremu 24 ni fremu 480. Piga hesabu mwenyewe: saa 48, kama stima haitapotea. Stima ilipotea mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimelala. Nikapeleka video Jumatano. Madam alikuwa ameshaweka picha za simu na ofa inaendelea. Hakunigombeza, alisema tu "asante kijana." Nusu ya pili sikuiona, na sikuwa na uso wa kuiulizia.

Wiki hiyohiyo nikafungua GPU-Z, programu ndogo inayokuonyesha undani wa kadi. RX 580 kamili ina koa 2304. Yangu ilikuwa na 2048. Kuna toleo linaloitwa RX 580 2048SP, lililotengenezwa kwa soko la China, na kwa uwezo ni kama RX 570 tu. Muuzaji hakulitaja, nami sikuuliza. Nilimuuzia kijana wa mtaa kwa elfu tisa, nikimweleza yote. Anacheza FIFA nayo hadi leo na anaiheshimu kuliko mimi.

Mwisho wa mwaka nikarudi sokoni na karatasi badala ya video. Chaguo zilikuwa mbili. RTX 4060 ilikuwa mpya, ya Juni 2023, wati 115 tu, na kwa gemu nyingi inaishinda RTX 3060. Hiyo 3060 ni ya 2021 na inakula wati 170. Kwa macho ya YouTube mjadala umeisha. Lakini 4060 ina memori ya 8GB na 3060 ina 12GB. Nikafungua tena faili la sofa, nikaongeza zulia la manyoya na mimea, nikaona kazi inataka zaidi ya 9GB. Memori ya kadi ikijaa, Blender inaanza kukopa RAM ya kawaida na kutambaa, au inakataa kabisa. Nikachagua 3060 ya mitumba, tena kwa makini, kwa sababu kuna 3060 nyingine ya 8GB ambayo pia imebanwa njia ya memori, na kwa tangazo zinafanana jina. Nvidia inapendekeza pawa saplai ya wati 550 kwa kadi hiyo, kwa hivyo ile yangu ya 450 nayo ikatoka. Jumlisha hiyo kabla hujamwambia mtu umepata kadi "kwa bei poa".

Dukani nilienda na flashi yenye GPU-Z, Blender isiyohitaji kuinstoliwa, na lile faili la sofa. Duka la kwanza walikataa nichomeke chochote, nikaondoka. La pili jamaa akacheka, "Bosi, umekuja kununua ama umekuja kunikagua?" Nikamwambia vyote. Tukarenda fremu moja, feni zikapanda, sofa ikatokea chini ya dakika. Akaiangalia akaniuliza inauzwa pesa ngapi.

Mathe bado ananidai elfu nne. Za mwisho zilitoka kwa kazi ya mtu wa milango, fremu 600, iliyoisha usiku mmoja nikiwa nimelala na UPS ikiwa chini ya meza.