Mezani Uingereza na Mezani Nkwenda

Ndugu zangu wa Kyerwa mnaojiandaa kuja Uingereza, Kiingereza cha darasani mnacho. Kitakachowatoa jasho ni cha kuagiza chakula.

Huko kwetu Nkwenda, Kyerwa, siku ya gulio, kwa mama lishe salamu ndiyo inayotangulia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu chakula." Unaletewa maji ya kunawa, kisha unaulizwa: maharage au nyama? Ndizi haziulizwi, zipo tangu asubuhi chini ya majani ya mgomba.

Huku Uingereza mlaji ndiye msemaji. Kwenye pub nyingi hakuna anayekufuata: angalia namba ya meza yako, nenda kaunta, agiza, lipa. Usiseme "give me", wataona umewafokea. Sema "could I have", na "please" isikosekane. Ukisikia "still or sparkling?" wanakuuzia maji ya chupa. Jibu "tap water, please": ya bomba ni salama, na kwa England sheria inazitaka baa na migahawa yenye leseni ya pombe kukupa bure.

"Chips" ni chipsi zetu, ila nene. "Crisps" ni zile za pakiti. "Pudding" kwa kawaida ni kitamu cha mwisho, lakini Yorkshire pudding haina utamu na huliwa na nyama ya kuoka ya Jumapili, na black pudding ni soseji ya damu, mara nyingi ya nguruwe. Waislamu wenzetu waijue hiyo mapema. Baked beans za asubuhi zina mchuzi wa nyanya wenye sukari. Kwa aliyekulia Kagera, hayo si maharage. Ukishiba, omba "the bill", ukague kama "service charge" imeshaingizwa. London mara nyingi ni asilimia 12.5, na ikiandikwa "discretionary" unaruhusiwa kuikataa.

Swali la mhudumu ninalolipenda kuliko yote ni "any allergies?" Mwaka 2016 Natasha Ednan-Laperouse, binti wa miaka 15, alifariki baada ya kula mkate wenye ufuta ambao haukutajwa kwenye lebo ya bidhaa. Tangu Oktoba 2021, sheria inayoitwa kwa jina lake inataka chakula kinachofungashwa palepale kinapouzwa kiandikwe kila kilichomo. Mgahawa nao lazima uweze kukueleza kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyojulikana kuleta aleji, zikiwemo karanga, maziwa, mayai na samaki.

Kwetu karanga huungwa kwenye mboga bila kutangazwa. Senene, panzi wa kuliwa na fahari yetu, wanaweza kumdhuru mtu mwenye aleji ya kamba wa baharini. Kwa upishi na ukarimu, mama lishe wa Nkwenda hawana cha kujifunza huku, na hilo nalisema kwa moyo wote. Ila hili moja nawaomba walichukue: kabla ya kupakua, wamuulize mgeni, "Kuna chakula kinachokudhuru?" Na wewe unayekuja huku, ukiulizwa, usione aibu. Taja kila kinachokudhuru.