Nilibishania Shilingi Ishirini, Kisha Nikalipa Getini Kimya Kimya

Wasee, wacha niwaambie kitu kimenisumbua tangu Jumamosi.

Nilikuwa nimeenda Nakuru kumsalimia shosho. Mpango ulikuwa rahisi: asubuhi nimsindikize Top Market, mchana nimpeleke kuona Kasri la Egerton kule Ngata, nipige video mbili tatu. Shosho ana miaka 78. Ameishi upande wa Njoro karibu maisha yake yote na hajawahi kuingia pale. Manze, hiyo peke yake ilikuwa stori.

Sokoni tukakutana na mama wa waru. Gorogoro 120. Nikamwambia mia. Akasema, "Mwanangu, hata usafiri umepanda." Nikakaza. Nikajifanya naondoka, ule mchezo wetu wa kwenda polepole ukingoja kuitwa. Akaniita. Nilitoka hapo natembea kama mshindi. Shosho hakusema kitu, alishika tu kiondo chake.

Kwa kasri sasa. Mwenyewe alikuwa Lord Maurice Egerton, yule yule ambaye jina lake liko kwa chuo kikuu cha Njoro. Ujenzi ulianza 1938 ukaisha 1954. Vyumba 53, ukumbi wa dansi, mawe yamechongwa utadhani uko Uingereza. Stori inayosimuliwa ni kwamba alimjengea mwanamke, mwanamke akamkataa, basi jamaa akapiga marufuku wanawake wote kukanyaga pale. Alikufa 1958 bila mke wala mtoto.

Mwelekezi alipofika hapo kwa marufuku, tukacheka wote. Shosho hakucheka. 1958 yeye alikuwa msichana wa miaka 11, na babake alikuwa kibarua kwa shamba la mzungu si mbali na hapo. Akauliza kwa upole, "Sasa hivi vyumba vyote, yeye alikuwa analala wapi?"

"Kimoja tu, shosho."

"Haya. Sisi tulikuwa tisa kwa kimoja."

Akaendelea kutembea, akigusa ukuta kwa kiganja kama mtu anayepima unga.

Baadaye tumekaa kwa nyasi tunakula mahindi ya kuchemsha, ndio akanigeukia. "Pale getini, uliomba wakupunguzie?"

"Hapana shosho, pale bei ni moja."

"Na yule mama wa waru, yeye hana bei?"

Nilikosa jibu. Kusema ukweli, getini sikuuliza hata swali. Nilitoa simu, nikatuma pesa, nikasema asante.

Sisemi tusibargain. Shosho mwenyewe ndiye alinifunza, na akianza utamhurumia muuzaji. Lakini nikimuuliza, anasema huwa anaangalia kwanza: huyu ameuza leo? Gunia lake limepungua? Mimi sikuangalia gunia. Niliangalia tu kama nitashinda.

Na nafikiri wengi wetu tuko hivyo. Bei ikiandikwa ukutani, tunaiheshimu. Kahawa ya mia tatu mjini tunalipa na kupiga picha. Ikitamkwa na mama aliyekaa kwa kiti cha plastiki tangu alfajiri, tunaona ni uongo wa kuanzia mazungumzo. Kisha tunaenda kustaajabia nyumba kubwa, na hakuna anayeuliza vibarua waliobeba yale mawe walilipwa ngapi, na kama nao waliambiwa wapunguze.

Jioni tulipitia sokoni tena. Nilitaka kumrudishia ile ishirini. Alikuwa ameshafunga, pamebaki maganda na vumbi.

Endeni mkaone kasri, ni poa kabisa. Lakini video yangu sijaiposti bado. Nikirudi Nakuru nitaanza na sokoni, na gorogoro ni 120.

Wewe je, mara ya mwisho umebishana na mama mboga, mlikuwa mnabishania ngapi?