Ramadhani Ilipokuwa ya Kusi

Mwaka 2025 mfungo uliingia mwanzoni mwa Machi, jua likiwa kali na kaskazi imeshalegea. Siku ya mvunja jungu, ya mwisho kabla ya kufunga, tulikuwa jikoni tunachambua mchele, mjukuu wa dada yangu, binti wa miaka 14, akaniuliza: "Bibi, hivi kwa nini Mwenyezi Mungu aliiweka Ramadhani kwenye miezi ya joto?" Nikamwambia hakuiweka kwenye joto wala kwenye baridi, inazunguka. Akacheka, akidhani namtania.

Tangu aanze kufunga, mfungo ulikuwa haujatoka baina ya Aprili na Machi. Ramadhani aliyoijua ilikuwa ya jua la mwisho wa kaskazi na mvua za kwanza za masika. Ilipopita Julai mara ya mwisho alikuwa bado mtoto mdogo. Kilichoniuma ni kwamba skuli anasoma, madrasa anakwenda, simu yake ina kalenda mbili, na hakuna aliyewahi kumkalisha akamweleza kwamba mwezi huu una safari.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Ramadhani inatangulia siku 11 hivi kwa kalenda ya Miladia, na kwa miaka 33 hivi inakuwa imeshapita misimu yote na kurudi ilipoanzia. Waarabu wa kale walikuwa na desturi ya kuahirisha miezi. Surat Tawba ikaikemea na kuweka miezi kuwa 12, basi. Mimi naona uadilifu mkubwa katika hilo. Hakuna nchi iliyopewa Ramadhani ya raha daima, wala iliyofungiwa Ramadhani ya tabu. Binamu yangu anayeishi London alifunga saa 18 hivi Juni 2016, na yeye huyo huyo ana kumbukumbu ya mifungo ya Disemba ya saa 10. Sisi Unguja, nyuzi 6 kusini ya Ikweta, tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa moja. Kwetu kinachobadilika ni kiu, chakula, na usiku.

Mfungo wangu wa kwanza mzima ulikuwa wa kusi. Nimepekua kalenda: Ramadhani ya mwaka 1400 iliingia katikati ya Julai 1980. Kama si mwaka huo ni uliofuata, tuyaache. Ninachokumbuka ni baridi ya alfajiri, bibi akinifunika kanga mbili mabegani nikila daku huku macho yamefumba, na vijana wa ngoma wakipita kichochoroni Kikwajuni kuita majina ya wenye nyumba mmoja mmoja. Walikuwa wanajua kila nyumba ina nani. Wakikuita, ukichelewa kuitika, wanaganda mlangoni wanapiga mpaka taa ya kandili iwake. Sikukuu wanapita mchana kuchukua chao, na hakuna aliyewanyima.

Bibi yangu alizaliwa Makunduchi, na kichwani mwake mlikuwa na hesabu mbili zisizogombana. Ya shamba aliihesabu kwa miongo, siku kumi kumi, kuanzia siku ya mwaka, ule Mwaka Kogwa wanaouadhimisha kwao kila Julai. Kwa miongo alijua lini papandwe mtama na lini pweza wanasogea. Ya ibada aliihesabu kwa mwezi, na mwaka wake haukuanza Muharram. Ulianza Sikukuu ikiisha: Mfungo Mosi, Mfungo Pili, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Maulidi yalikuwa ya Mfungo Sita, na mtoto yeyote wa rika langu alilijua hilo kabla hajajua Januari. Kwa bibi, miezi yote tisa ilihesabiwa kutoka mfungo uliopita, kama mtu anayehesabu hatua kutoka mlangoni kwake. Leo ukimwambia kijana Mfungo Sita anakuuliza ni gazeti gani.

Kutoka katika hesabu hizo mbili bibi alijifunza kitu ambacho sijakisikia kwenye mimbari. Kusi, alisema, tunafunga kwa miguu. Hakuna kiu, jua ni la upole, usiku una ubaridi. Sasa mtu anasingizia nini asisimame tarawehe mpaka mwisho? Kaskazi tunafunga kwa ulimi, kwa sababu joto linaleta hasira, na mwenye kiu akimtukana jirani ameshaupoteza mchana wake. Masika tunafunga kwa mkono: wavuvi hawatoki, vibarua hawapati kazi, njia ni tope, kwa hiyo sadaka itoke mapema. Vuli hakuisema sana. Alisema tu kwamba ni ngumu, maembe yakiwa yameiva na shibe iko kila mahali. Kila mfungo alijiuliza msimu huu nafsi yake imejificha wapi, akaifuata huko huko. Ndivyo alivyoifanya imani yake isizeeke pamoja naye.

Lakini nikisema Ramadhani ya utotoni, kinachonijia mbele ya bibi mwenyewe, Mungu amrehemu, ni duka la Mshihiri wetu.

Lilikuwa pembeni mwa kichochoro, mlango mmoja, kaunta ya mbao iliyoingia mafuta mpaka ikawa nyeusi. Ukikaribia unaanza kusikia harufu kabla hujaona duka: mafuta ya taa, samaki mkavu, ubani, sabuni ya mche, na chini ya zote hizo, nzito na tamu yenye uchachu kidogo, harufu ya tende zilizoshindiliwa ndani ya makanda ya ukindu. Baba yake alitoka Hadhramaut, yeye alizaliwa hapa, na aliongea Kiswahili cha mjini kilichotulia. Alitueleza watoto kwamba tende zina msimu wake. Zamani majahazi yaliteremka na kaskazi kutoka Ghuba, Disemba mpaka Machi, yakarudi na kusi. Ramadhani ikiangukia kaskazi, watu wanafuturu kwa tende mpya, laini, zinazonata vidoleni. Ikiangukia kusi, tende zimeshakaa dukani miezi, zimekuwa gogo moja.

Wakati wetu majahazi yalikuwa yameshakuwa haba na tende zilikuja kwa njia ambazo watoto hatukuzijua, nazo zilikuwa gogo kwelikweli. Aliliweka kanda sakafuni, akalichana ukindu kwa kisu, akapasua bonge kwa panga. Kisha akaliweka kwenye kichungio juu ya mvuke wa birika la kahawa, akangoja. Likilegea analichambua kwa vidole, anatoa kokwa zilizovunjika na wadudu, anafunga kwenye karatasi vifungu vidogo vya nyumba kwa nyumba. Sukari ilikuwa ya foleni siku hizo, wasomaji wa umri wangu wanajua, kwa hiyo kifungu kile ndicho kilichokuwa utamu wa futari. Alasiri mtoto yeyote aliyefunga akienda kumsalimia alipewa tende moja, na sharti lake lilikuwa moja tu: uishike mkononi mpaka adhana. Nilikuwa naishika mpaka inapata joto la kiganja, naibadilisha mkono, nainusa, na siili. Nimesoma vitabu vingi vya subira tangu hapo.

Na alikuwa na daftari la madeni, refu, jembamba, lililofungwa kwa uzi wa viatu. Mwishoni mwa Shaabani, baada ya magharibi, watu wakiwa juu ya mapaa wanatafuta mwezi, yeye alibaki dukani na kandili. Nilitumwa mafuta ya taa nikamkuta anachana kurasa. Zilikuwa za wajane na za wavuvi ambao kusi ilikuwa imewakalisha nchi kavu. Alizikunja mara mbili, akazitia kwenye jiko la mkaa lililokuwa na birika, akanipimia mafuta yangu, akanambia nimsalimie bibi. Hakusema neno jingine. Bibi nilipomweleza alinyamaza, kisha akavaa buibui akatoka usiku ule ule kwenda kwa jirani ambaye hawakuwa wakisemezana tangu Mfungo Saba, kumtaka radhi.

Alasiri mjomba alikuwa anatusomea darsa barazani, kwa tafsiri ya Qurani ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ile iliyotoka Nairobi mwaka 1969. Wanawake tulisikiliza kutoka ndani, mlango ukiwa wazi, bibi akikuna nazi taratibu ili mbuzi isipige kelele. Kila mtu alielewa, kwa sababu kilikuwa Kiswahili cha nyumbani.

Mwezi ukaendelea na safari yake. Mifungo ya masika ya mwisho wa miaka ya themanini naikumbuka kwa kuvuja: ndoo sebuleni wakati wa tarawehe. Mwaka 1992, ulipoingia Machi kama huu wa 2025, nilikuwa na mtoto mgongoni. Bibi alifariki muda mfupi baadaye. Mwaka 1997 ulitupa Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza siku ya mwisho ya mwaka, na kwa jinsi joto lilivyokuwa nililishika neno lake la ulimi. Vuli ilipita na maembe yake. Julai ya 2013 nikarudi kwenye kusi yangu ya utotoni, na duka lilikuwa limeshakuwa la simu.

Siku hizi tende ziko mwaka mzima, ndani ya maboksi yenye plastiki, laini kaskazi na kusi. Maembe ya barafu, juisi ya pakiti, kiyoyozi kwa mwenye uwezo. Sichukii raha. Naudhika na kilichotoka raha ilipoingia. Wapo wafanyabiashara wanaongojea mwezi mtukufu wapandishe bei ya sukari na unga, na daftari lao halichanwi. Watu wanapiga picha sinia la futari kabla ya kulipelekea jirani mkate, na wengine hawapeleki. Kuna mtaa nilisali tarawehe mwaka juzi ikaenda mbio hivi kwamba wazee walikuwa bado kwenye rukuu wakati imamu anatoa salamu. Vijana wa ngoma wamebaki wachache, na hawajui majina yetu. Wanapita, wanapiga, wanakwenda.

Na ukiuliza mtu mfungo huu anataka kubadilisha nini ndani yake, anakutajia mapishi. Imani isiyoulizwa swali na msimu inafanya usingizi. Mtu anafunga miaka thelathini, amepita kusi na kaskazi, masika na vuli, na ni mfungo ule ule mmoja ameurudia.

Yule binti tulikaa naye usiku ule wa mvunja jungu, nikamwandikia karatasi: mfungo wa 2026 katikati ya Februari, wa 2027 mwanzoni mwa Februari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili kama 1997, ya kwanza ikianza siku za mwanzo za Januari na ya pili mwishoni mwa Disemba. Ya Julai itamfikia katikati ya miaka ya 2040, Mungu akimpa umri. Nikamweleza na misimu ya bibi yangu. Akaniuliza sasa hivi, Machi hii, bibi huyo angesema tufunge kwa kitu gani. Nikamwambia ni kaskazi inayokwisha, bado ni ulimi, na masika yako njiani, kwa hiyo mkono uanze kujiandaa.

Nyinyi wenye vijana nyumbani, kabla ya mwezi ujao kuandama, waambieni uko msimu gani na ulikotoka. Na mwenye daftari la madeni ya wanyonge, Shaabani ndiyo wakati wake.