Akiba ya Pumzi

Sisi tuliozaliwa ncha ya kaskazini ya Unguja humjua pweza kabla ya kuzijua herufi. Tumewaona mama zetu wakirudi kutoka miambani maji yanapoanza kujaa, wamemtungika kwenye ugwe, nasi watoto tukapewa kazi ya kumpigapiga juu ya jiwe mpaka alainike. Kwa hiyo nilipoingia katika kazi ya kuwazamisha wageni, na mwalimu wangu akanambia kwamba ule mpira wa ziada wa kupumulia, wenye rangi ya manjano, Wazungu wameupa jina la pweza, nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Baadaye nilifahamu sababu: kichwani mwa mtungi wa hewa hutoka mipira kadhaa, nayo isipofungwa vyema hutawanyika majini kama mikono ya mnyama huyo.

Mipira yenyewe kwa kawaida ni minne. Mmoja hupita bega la kulia na kuishia mdomoni mwa mzamiaji. Wa pili hupita upande huohuo, mrefu kidogo kuliko wa kwanza, nao ndio wa akiba, kwa ajili ya mwenzako atakayeishiwa na hewa. Wa tatu hushuka bega la kushoto kulijaza koti la kuelea. Wa nne hupita chini ya mkono wa kushoto na kubeba geji inayosema ni kiasi gani cha hewa kimebaki. Mafunzo ya kuipanga hayachukui hata nusu saa. Kanuni ni kwamba pasiwe na kitu kinachoning'inia. Geji ifungwe pahala pake ubavuni. Na mpira wa akiba ukae kifuani, katika pembetatu ya baina ya kidevu na mbavu za chini, umeshikwa na kibanio kinachoachia kwa kuvutwa tu. Mtu aliyekosa pumzi hatafuti. Hunyakua anachokiona.

Nimeyafundisha maneno hayo kwa watu wa mataifa mengi, na nikiri kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikiyasema kama kasuku. Aliyenifanya niyafahamu ni ziwa, wala si bahari.

Mke wangu ni mtu wa Mwanza. Wakwe zangu wanakaa Kirumba, na mara ya kwanza nilipokwenda kwao niliiona Nyanza kwa macho ya dharau ya mtu wa pwani. Nikauliza, maji gani haya yasiyo na chumvi, yasiyo na bamvua wala maji mafu? Mama mkwe wangu alinisikiliza, hakujibu kitu. Siku ya pili alinichukua Igoma, kwenye makaburi ya watu wa MV Bukoba. Kaka yake alikuwa miongoni mwa abiria, naye hakupata kutambuliwa. Mama hajui kama yumo katika ardhi ile au alibaki majini, lakini pale ndipo anapokwenda kumwombea.

Ajali ile ilitokea tarehe 21 Mei 1996. Meli ilikuwa ikitoka Bukoba kwenda Mwanza, imejaa kupita kiasi, ikapinduka asubuhi ilhali mji umekaribia. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia. Linalosimuliwa mpaka leo katika nyumba za Mwanza, na kwa sauti ya chini, ni kwamba meli haikuzama mara moja. Ilielea imepinduka, tumbo juu, na ndani yake walikuwamo watu walio hai waliokuwa wakigonga bati. Waliokuja kuwaokoa walitoboa tundu ili wawatoe. Na kwa tundu lile hewa iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji ikatoka, nayo ikazama na waliokuwamo.

Nilikuwa nimekwisha kuzama mara nyingi sana niliposimuliwa habari hiyo, na ilinikaa mwilini kuliko zote nilizopata kuzisoma katika vitabu vya kazi yangu. Hewa ilikuwapo. Watu wenye nia njema walikuwapo, tena juu ya vichwa vyao. Kilichokosekana ni njia iliyopangwa mapema baina ya pumzi na mwenye kuihitaji.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 nilirudi Mwanza na mke wangu. Ziwa lilikuwa bado na msiba mwengine: tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na zaidi ya watu mia mbili na ishirini wakapotea. Kila mtu akizungumza habari ya yule fundi wa mitambo aliyetolewa hai siku ya tatu kutoka ndani ya kivuko kilichopinduka, kwa kuwa alipata pahala palipobakia hewa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mvuvi wa dagaa. Alipokuja Unguja kututembelea nilimfundisha kuzamia, mara nane au tisa, katika maji ya Nungwi ambamo mtu huona kivuli chake mchangani kutoka juu. Safari hii alinipokea na shida: mashine ya mtumbwi wao ilikuwa imeanguka majini upande wa Igombe, kwenye kina cha mita kumi na nne, nayo ni mali ya watu watatu. Alikuwa amekwisha kuazima mitungi miwili na vifaa vyake.

Nilijiona bingwa. Nilijua yale ya vitabuni: kwamba ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa bahari hayafai pale bila ya kurekebishwa, kwamba maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo mkanda wa risasi upunguzwe kilo mbili au tatu. Hayo nikayafanya, tena kwa madaha, mbele ya vijana waliokuja kutazama. Lakini kibanio cha mpira wangu wa akiba kilikuwa kimekatika. Nilikiona. Nikasema moyoni, mita kumi na nne tu, nikauchomeka mpira chini ya mkanda wa koti. Na geji ya shemeji, iliyokuwa haina pa kufungwa, nikaiacha ining'inie nyuma yake.

Mita ya tano mwanga ukawa wa kijani. Mita ya kumi ulikuwa wa kahawia, na chini kabisa sikuona zaidi ya urefu wa mkono wangu. Tope la ziwa si mchanga. Ukiligusa huinuka kama moshi wa kuni mbichi, na halitui. Tulishikana kwa kamba fupi, tukawa tunapapasa. Muda gani ulipita sijui. Nilihisi kamba ikivutwa, kisha mkono ukanishika uso.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Waliyaona kutoka juu. Mimi niliyaona usoni mwangu. Shemeji alikuwa ameishiwa na hewa, na geji iliyokuwa ikiburuzwa topeni nyuma yake hakupata kuitazama hata mara moja. Nikapeleka mkono kifuani kuchukua mpira wa akiba. Haukuwapo. Nikapapasa chini ya mkanda, haukuwapo. Basi nikautoa ule uliokuwamo mdomoni mwangu, nikamtia yeye mdomoni.

Kisha nikabaki bila ya pumzi. Nilifanya nilichokuwa nikiwafundisha wageni kwa kasi ya kasuku: nikapeleka mkono wa kulia nyuma ya shingo, nikagusa kichwa cha mtungi, nikaushika mpira palepale unapoanzia, nikaufuata kwa vidole mpaka mwisho. Mwisho wake ulikuwa nyuma yangu, umejaa tope. Nikaupiga kwa hewa yake wenyewe, nikauvuta, nikameza maji na udongo, nikaupiga tena. Mvuto wa tatu ulikuwa hewa. Tukapanda, nimemshika koti, pumzi kwa pumzi, mpaka mwanga ukarudi kuwa kijani na hatimaye mweupe.

Jioni ile nyumbani Kirumba palikuwa na sherehe isiyotangazwa. Shemeji alisimulia mbele ya wazee: "Alitoa mdomoni mwake akanipa mimi." Alirudia mara nyingi. Mama mkwe hakusema neno; alikuja akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto, kisha akaenda zake jikoni. Nilijua anamfikiria nani. Kaka yake alikufa pahala ambapo hapakuwa na mtu wa kumpa pumzi, na sasa mwanawe amepewa. Nami niliinamisha macho, kila mtu akadhani ni unyenyekevu.

Haukuwa unyenyekevu. Nilimpa cha mdomoni kwa sababu cha akiba sikukiona. Sikumtanguliza, nilikosa la kufanya. Na kilichomfikisha pale pa kuhitaji pumzi yangu ni uzembe wangu mimi niliyemfunga mipira asubuhi.

Niliporudi Unguja sikuweza kuwafundisha wageni kama zamani. Niliketi na kalamu nikapiga hesabu ambayo kila mzamiaji hudai kuijua. Mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka bar 200 una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita ishirini chini ya bahari, ambako mkandamizo ni mara tatu, hutumia 60. Zikibaki bar 50, mtungini mna lita 600. Wakizivuta wawili wenye khofu, kila mmoja lita 30 kwa dakika, mara tatu kwa ajili ya kina, ni lita 180 kila dakika. Dakika tatu na kitu. Kupanda mita ishirini kwa mwendo wa salama, mita tisa kwa dakika, huchukua zaidi ya mbili. Yaani akiba yote ya watu wawili ni dakika moja na ushei, na dakika hiyo ndiyo niliyokuwa nikiipoteza kupapasa topeni.

Tunasema akiba haiozi. Ni kweli kwa mpunga ghalani, tena ghala likiwa kavu. Akiba ya pumzi huoza upesi ikiachwa ikiburuzwa, na mwenye nayo hujidanganya kuwa anayo.

Ndipo nikaufuata mpango mwengine, ambao nilikuwa nimewahi kuudharau. Walioutengeneza ni wazamiaji wa mapango ya Florida, Marekani, watu wanaopita katika njia nyembamba na giza wasipoweza kupaa moja kwa moja. Kwao mpira wa mdomoni ndio mrefu, kiasi cha mita mbili: hushuka ubavuni kulia, hupanda kukatiza kifua, huzunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni. Wa akiba ndio mfupi, nao huning'inia chini ya kidevu kwa kitanzi cha mpira kilichovaliwa shingoni. Mwenzako akiishiwa, humpi akiba. Unampa huu unaovuta mwenyewe, kwa kuwa una yakini kwamba unafanya kazi, na kwa kuwa ndio atakaounyakua. Kisha wewe unainamisha kichwa tu na kukichukua cha shingoni. Urefu wa mpira humwachia nafasi ya kutulia, hata kama njia inawalazimu mpite mmoja nyuma ya mwenziwe.

Wapenzi wa mashairi watanisamehe nikiingia katika uwanja wao. Lugha yetu imelipa neno kina kazi mbili: urefu wa kwenda chini, na sauti inayofungia kipande cha mshororo. Mtunzi hujua kwamba mizani ikizidi hata moja, msomaji hukwama, kwa kuwa pumzi yake imepangiwa pa kutua. Hatuiti mpango huo ubahili, wala hatusemi kwamba unaua hisia. Mimi niliyekulia katika nyumba ya watunzi sijui kwa nini ilinichukua miaka mingi kuona kwamba wema nao unataka mizani, na kwamba anayetaka kumpa mwenziwe pumzi hana budi kupanga asubuhi, kabla ya kiza.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliangukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 waliokoka na 19 wakafa, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, hawana mtungi wala mpira. Shemeji alinipigia simu siku ile. Akanambia kwamba vijana wa mwaloni wanataka kujifunza kuzamia, na kwamba amewahadithia habari yangu.

Basi nilikwenda, na usiku wa kwanza, kabla hatujagusa vifaa, nilimweleza ukweli. Nilimwambia kwamba mwaka 2019 sikumpa cha mdomoni kwa ukarimu, nilimpa kwa kupotewa na cha akiba. Na kwamba geji yake niliiacha mimi. Mama mkwe alikuwapo, anachambua dagaa. Mikono yake ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Shemeji alinyamaza kitambo. Akasema, "Shemeji, hewa niliyoivuta ilikuwa hewa." Akainuka, akaleta koti lake na mipira yake, akauweka mpira mrefu mapajani mwangu. "Lakini nifundishe kuufunga," akasema, "ili siku nyengine iwe kwa kukusudia."

Tuliufunga mara nyingi usiku ule, taa imezimwa, kwa kupapasa.