Kuipeleka familia kula mjini: anzeni na magoti ya bibi



Ndugu zangu katika imani, tangu msimu wa mahafali uanze napokea swali moja kwa sura nyingi. Mtoto amehitimu, au binti ameposwa, au mzee amerudi Umra salama, na familia inataka kutoka pamoja ikale mjini. Je, inafaa? Na tukale wapi?

La kwanza ni jepesi. Wapo wanaowatisha wenzao kwamba kula hotelini ni kuiga wasio Waislamu. Chakula kikiwa halali, mahali pakiwa pa heshima, na fedha zikiwa za halali na zisizofujwa, sioni wapi pa kukatazia. Kuifurahia neema ya Allah pamoja na ndugu ni katika kumshukuru aliyeitoa.

La pili ndilo linalogombanisha watu. Nitawaeleza ya kwetu, maana mwezi uliopita jambo hili lilitufika nyumbani, na nimeona lina fiqhi nyingi kuliko nilivyodhani.

Binti wa dada yangu amemaliza udaktari pale Muhimbili, alhamdulillah. Tulipojihesabu tulifika watu 23, vizazi vinne. Mkubwa wetu ni mama yangu, amepita miaka 80. Mdogo ni kitukuu wake, bado ananyonya. Wengine wako Mbagala, wengine Kigamboni, wengine Magomeni na Tabata. Kila mmoja akaja na hoteli yake kichwani.

Mpwa wangu mmoja, ambaye Allah amemfungulia riziki, akasema atalipa yeye yote. Allah amzidishie, ukarimu huo si wa kudharau. Akapendekeza hoteli ya upande wa Masaki, iko juu ghorofani, unaiona bahari yote. Akaniambia, "Mjomba, kuku wao ni wa halali, nimeuliza mwenyewe. Na sisi hatunywi." Nikamuuliza, katikati ya ukumbi kuna nini? Akacheka kidogo. "Kuna baa, mjomba, lakini iko upande wake."

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu vijana wengi wana hoja hiyo hiyo na si hoja ya kipuuzi. Anaona kwamba haramu ni kunywa, na yeye hanywi. Lakini imepokewa kwa Jabir, katika Tirmidhi, kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alimkataza mwenye kumuamini Allah na Siku ya Mwisho kukaa kwenye meza ambayo pombe inazungushwa. Katazo hilo ni la kukaa, achilia mbali kunywa. Atasema, meza ya jirani si meza yangu. Hapo maulamaa wana maneno marefu, na msafiri mwenye njaa asiyepata pengine ana hukumu yake. Sisi hatukuwa wasafiri. Tulikuwa watu wa Dar es Salaam, mji uliojaa hoteli zisizouza pombe, na tulikuwa tunachagua kwa hiari yetu mahali pa kumshukuru Allah. Anayechagua ana hesabu tofauti na aliyelazimika.

Nilimwambia hivyo mimi na yeye tu, si mbele ya wadogo zake. Kijana aliyejitolea kulipa ukimsomea hadithi mbele ya kikao kizima, atanyamaza, na safari ijayo hatajitolea.

Kaka yangu naye akasema, "Basi tufanyeni nyumbani, ndiyo heshima." Wanaume wengi tuliokuwepo tukatikisa vichwa kukubali. Nikamtazama dada yangu, mama wa daktari, naye akanyamaza. Jamani, sisi wanaume tuna tabia ya kuusifu utamaduni ambao mzigo wake tumembebesha mwingine. Pilau ya watu 23 haijipiki. Dada yangu angeamka alfajiri kuchambua mchele na kumenya vitunguu, angeshinda jikoni, wageni wakifika angekuwa ananuka moshi, na usiku angebaki na masufuria. Siku ya furaha ya mwanawe, aliyemsomesha kwa kukaanga maandazi, angeitumia kukaanga. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake. Hadithi iko katika Bukhari. Basi anayesema "nyumbani" na aseme pia yeye atapika nini. Kaka hakujibu, tukaendelea na hoteli.

Mama yangu muda wote alikuwa kimya, na mwisho akasema, "Nyie nendeni wanangu. Mimi mtaniletea tu."

Hilo neno kila familia inalijua. Na familia nyingi hulipokea kwa raha: bibi hataki, amechoka, tumfungie kuku. Lakini mzee anaposema mniletee, mara nyingi kuna kitu anachokiogopa na anaona haya kukitaja. Sikumuuliza palepale. Nilimuuliza kesho yake tukiwa wawili, na ilichukua muda. Kwanza akasema ataharibu gharama. Halafu akasema watu wa mjini wana haraka. Mwisho ndipo akasema lenyewe: magoti. Safari moja alipelekwa mahali pa kula pana ngazi nyingi, na chooni hakukuwa na maji ya kustanji, kuna karatasi tu. Akajizuia saa tatu nzima mpaka aliporudishwa nyumbani. Watu wote walikuwa wanafurahi, na yeye anahesabu dakika.

Kuanzia hapo hesabu yetu ikageuka. Tukaacha kuuliza hoteli gani ni nzuri, tukauliza hoteli gani mama anaweza kuingia, kukaa, kwenda chooni, kuswali na kutoka bila kumwomba mtu msaada zaidi ya mkono wa kushika. Ukiuliza hivyo, hoteli nyingi zinajiondoa zenyewe, na ile ya ghorofani iliondoka bila mimi kuongeza neno.

Mimi na shemeji yangu tukaenda kuangalia, Jumamosi moja kabla, saa ileile ambayo tungekwenda. Msiende kukagua hoteli saa nne asubuhi. Asubuhi kila mahali ni kimya. Nenda usiku usikie muziki wake, uone nani wanakaa, moshi wa jiko unaelekea wapi, na choo kikoje watu wakishakuwa wengi. Angalia na viti. Kuna viti vya siku hizi vya chini mno, mzee akikaa hainuki.

Kisha uliza chakula. Katika hoteli moja nilimuuliza msimamizi nyama yao inachinjwa na nani. Akaniambia, "Usijali mzee, hapa hata Waislamu wanakula." Hilo si jibu. Nyingine walinitajia anayewaletea nyama, wakanionyesha cheti cha halali kilichobandikwa ukutani, na tarehe yake haijapita. Uliza pia kama jiko linapika kitimoto, maana kuku wako anaweza kuwa amechinjwa kwa bismillah halafu akakaangwa kwenye mafuta yaleyale. Uliza kama mchuzi unatiwa mvinyo, maana kwenye vyakula vya kizungu hilo lipo. Lakini mkishajibiwa na Muislamu mnayemwona ni mkweli, acheni wasiwasi. Watu walimwambia Mtume (s.a.w.) kwamba wanaletewa nyama na watu waliosilimu karibuni, hawajui kama ilisomewa bismillah. Akawaambia waseme bismillah wao, wale. Hiyo iko katika Bukhari, kwa bibi Aisha. Dini haikututuma tuwe askari wa upelelezi mezani.

Tukaangukia hoteli moja ya Kisutu, mjini. Jina silitaji, ukurasa huu si wa matangazo. Iko chini, haina ngazi. Haiuzi pombe. Choo kina bomba la maji na kiti cha kukalia. Kuna chumba kidogo cha kuswalia, na misikiti iko hatua chache. Na kuna jambo ambalo wenye magari huwa hawalioni: wa Mbagala anakuja moja kwa moja kwa barabara ya Kilwa, wa Kigamboni anavuka kwa pantoni anashukia Kivukoni, wa Magomeni anapanda mwendokasi. Jumamosi jioni ofisi zimefungwa, kuegesha gari si shida. Tungekwenda Masaki, mwenye gari angefika kwa dakika zake na asiye nalo angefika amechoka na nauli imemwishia.

Hapo ndipo nilipogundua jambo la mdogo wangu wa Mbagala. Ana watoto sita na kibarua kisicho na uhakika. Alikuwa ameshasema ana udhuru, hatakuja. Nilipofuatilia, udhuru wenyewe ulikuwa mchango. Kulikuwa na kundi la simu la familia, kila mtu anaandika atatoa kiasi gani, na majina yanapangwa. Ndugu zangu, orodha za namna hii zinawafukuza watu. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra kwamba chakula kiovu kabisa ni kile cha walima wanachoalikwa matajiri na kuachwa masikini. Ni kweli hadithi inazungumzia walima wa ndoa, lakini maana yake inakifika chakula chochote cha furaha. Kama ndugu yako wa tumbo moja amekosa kuja kwa sababu ya orodha, umeandaa chakula cha aina ileile, hata kama pilau ina zafarani.

Tukaifuta orodha. Aliyejaaliwa akalipa kimyakimya, na mpwa wangu, Allah amlipe, akakubali kulipa sehemu kubwa kwa sharti nililompa: asiseme. Tukaagiza chakula mapema kwa bei tuliyokubaliana, ikiwa ni pamoja na VAT, ili mtu asishikwe na mshtuko bili ikija. Kuagiza mapema kuna faida nyingine. Yule asiye na kitu halazimiki kusoma bei kwenye menyu mbele ya wanawe.

Bufee tuliikataa. Mzee anasimama kwenye foleni na sahani mkononi, watoto wanajaza wasichomaliza, na nusu inatupwa. Tuliomba masinia. Masahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba wanakula lakini hawashibi. Akawaambia huenda wanakula mbalimbali, akawaamrisha wakusanyike kwenye chakula chao na walitaje jina la Allah, watabarikiwa. Abu Daud ameipokea. Wahudumu walishangaa kidogo, lakini walituletea sinia tano na kuku wa kuchoma pembeni.

Kwenye kukaa, nilimweka mama upande ambao haupitiwi na watu, na kuliani mwake mdogo kabisa kati ya wanaojua kula mwenyewe. Kuna waliosema mtoto asogee, wakae watu wazima. Nikawakumbusha kisa alichopokea Sahl bin Saad. Mtume aliletewa kinywaji, kuliani kwake ameketi kijana mdogo, kushotoni wazee. Alipokunywa alimwomba ruhusa yule kijana awape wazee kwanza. Kijana akakataa, hakutaka kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume, na Mtume akampa. Nakipenda sana kisa hiki. Wazee wana heshima yao, na Mtume alijua hivyo, ndiyo maana aliomba. Lakini haki ya mtoto haikuporwa kwa jina la heshima ya wazee. Familia ikikaa pamoja, wote wawili wawepo na kila mmoja apate chake.

Saa pia ipangeni. Hapa Dar Maghribi huingia kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na karibu saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi. Mkifika mapema mkaswali Maghribi hapohapo kisha mkakaa, mtakula bila kuangalia saa. Mkisema mtafika saa mbili na nusu baada ya Isha, watoto watakuwa wamelala mabegani na mama mwenye kisukari atakuwa ameshapitiliza muda wa kula. Na chakula kikiwekwa mezani na adhana ikalia, sunna ni kuanza na chakula, kuleni kwa utulivu, mkaswali baadaye ndani ya wakati. Sisi tulimaliza kabla ya saa mbili, tukaswali Isha, yaliyobaki tukafungiwa.

Wakati tunanyanyuka, mama alimshika mkono kijana aliyekuwa akituhudumia, akamuuliza, "Mwanangu, na wewe umekula?" Akajibu atakula akitoka zamu. Mama akaamrisha afungiwe chake kabla ya sisi kufungiwa vyetu. Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba anayekuletea chakula, kama hukumkalisha mle pamoja, mpe tonge moja au mawili, kwa sababu yeye ndiye aliyekihangaikia. Mama yangu hajasoma Bukhari. Aliyasikia kwa baba yake.

Wale mlioniuliza kuhusu keki na sherehe ya siku ya kuzaliwa kwa mzee aliyefika miaka 80, swali lenu nimeliona. Lina maelezo yake, nitaliandikia peke yake wiki ijayo inshaallah.

Wabillahi tawfiq.